Nambari 8: Habari ya Dunga, mchezaji aliyekuwa kocha

Maneno yaliyosemwa Nyamitaba mbele ya familia zilizohama, wenyeji, na viongozi wa vijiji na wa kambi

 

Mmetuita tuseme juu ya mpira. Komite ilitueleza kwamba vijana wa kambi na vijana wa kijiji wanataka kucheza pamoja, lakini kati ya wazazi kuna woga. Wengine wanasema mchezo ule utageuka kuwa vita kwa njia nyingine: ekipe hii itakuwa ya kabila hili, ekipe ile ya kabila lile, na bao moja litatosha kuamsha mapanga. Wengine wanasema kati ya vijana hao wamo waliopita msituni, walioshika silaha, na kwamba mtoto wa namna hiyo hawezi kupewa hata kitambaa cha kapiteni. Woga huu tunauheshimu. Tangu 1993 watu wa Masisi na Walikale wamekimbia mara nyingi mno, na mtu aliyeumwa na nyoka hushituka hata akiona kamba.

Basi kabla ya kujadili uwanja wetu, tuwaletee habari ya mtu mmoja wa Brazil. Jina lake la kweli ni Carlos Caetano Bledorn Verri, lakini dunia yote inamwita Dunga. Alizaliwa tarehe 31 Oktoba 1963 katika mji wa Ijuí, kusini kabisa mwa Brazil, sehemu ya ng'ombe na malisho, nchi ambayo mfugaji wa Masisi angeipenda. Jina Dunga alipewa na mjomba wake. Ni jina la mmoja wa wale vibete saba wa hadithi ya watoto, kwa sababu mjomba alidhani mtoto huyu atabaki mfupi. Kwa Kiswahili, mnajua, kudunga ni kuchoma, kama sindano inavyodunga, na wapinzani wake wengi wangekubali kwamba jina hilo lilimfaa zaidi kwa Kiswahili kuliko kwa lugha ya kwao.

Dunga alikuwa kiungo. Kwa mama ambao hawafuati mpira, tueleze: kuna wachezaji wa nyuma wanaozuia, kuna wa mbele wanaofunga, na katikati yuko kiungo. Anawanyang'anya wapinzani mpira, anaupokea kwa wale wa nyuma, anaupeleka kwa wale wa mbele, anakimbia kuziba tundu ambalo mwingine ameliacha. Watu wakirudi nyumbani wanataja jina la aliyefunga. La kiungo hawalitaji, ila siku ekipe imeshindwa. Hapo ndipo wanaulizana: yule wa katikati alikuwa wapi?

Alianzia katika ekipe ya Internacional, mjini Porto Alegre. Mwaka 1984 alikwenda Los Angeles na vijana wa Brazil kwenye michezo ya Olimpiki, wengi wao wakiwa wa Internacional, wakarudi na medali ya fedha baada ya kushindwa na Ufaransa 2-0 katika fainali. Baadaye alizunguka: Corinthians, Santos, Vasco, kisha Italia, ambako alikaa Fiorentina kwa miaka minne. Mwaka 1989 alikuwa katika ekipe ya Brazil iliyochukua kombe la Amerika ya Kusini. Mpaka hapo ni maisha ya mchezaji mzuri kama wengine.

Mambo yaligeuka 1990. Kombe la dunia lilikuwa Italia, na Brazil ilikwenda na namna mpya ya kucheza: kuzuia kwanza, madoido baadaye. Wabrazil hawakuipenda. Kwao mpira ni ngoma, na mtu asiyecheza ngoma hana nafasi. Tarehe 24 Juni, mjini Turin, walikutana na Argentina. Brazil walishambulia sana bila kufunga. Karibu na mwisho Maradona akachukua mpira, akawapita watu wa katikati, akampenyezea Caniggia, bao. Brazil wakarudi nyumbani.

Sasa sikilizeni vizuri sehemu hii. Ekipe ina watu kumi na mmoja. Kuna kocha, kuna wakubwa wa shirika la mpira waliomchagua kocha. Lakini magazeti ya Brazil yalitafuta jina moja la kubandika juu ya aibu yote, yakapata la Dunga. Wakati ule mzima wakauita "enzi ya Dunga", maana yake mpira mbaya, mpira wa nguvu bila akili. Mtu wa miaka 26 aliamka asubuhi akakuta jina lake limekuwa tusi. Mtoto akicheza vibaya barabarani anaambiwa: unacheza kama Dunga.

Sisi wa Kongo tunaijua hali hiyo, na wazee walio hapa wanakumbuka ni kwa nini. Mwaka 1974 Zaire ilikuwa nchi ya kwanza ya Afrika kusini mwa Sahara kufika kombe la dunia. Katika mchezo wa mwisho, tarehe 22 Juni, mjini Gelsenkirchen huko Ujerumani, Zaire ilicheza na Brazil hao hao. Brazil walikuwa wamepata mpira wa adhabu. Kabla hawajaupiga, Ilunga Mwepu akatoka mbio kwenye ukuta wa wachezaji akaupiga mpira mbali kabisa. Dunia ilicheka. Kwa miaka mingi picha ile imeonyeshwa kwenye televizyo kama ushahidi kwamba Waafrika hawakujua hata sheria za mpira. Mwepu mwenyewe alieleza miaka mingi baadaye kwamba sheria alizijua sana. Ekipe ilikuwa imenyimwa malipo yake, ilikuwa imefungwa 9-0 na Yugoslavia, na wachezaji walisema walitishwa na watu wa Mobutu wasithubutu kufungwa na Brazil zaidi ya mabao matatu. Mchezo uliisha 3-0. Mwepu alikufa 2015, na bado wako wanaocheka bila kujua woga uliokuwa ndani ya mguu ule.

Turudi kwa Dunga. Angeweza kukasirika na kukataa kuchezea nchi yake tena. Alikwenda Ujerumani, kwa ekipe ya Stuttgart, akaendelea na kazi. Na kocha Parreira, alipokuwa anatengeneza ekipe ya kombe la dunia la 1994 huko Marekani, alimchukua yule yule ambaye jina lake lilikuwa tusi. Kapiteni mwanzoni alikuwa Raí, mtu mwenye jina zuri na sura nzuri, kipenzi cha watu. Raí hakucheza vizuri, akatolewa kati ya wale kumi na mmoja, na kitambaa kikafungwa kwenye mkono wa Dunga.

Ekipe ile ilikuwa na desturi ambayo tunaipenda. Walipoingia uwanjani walishikana mikono, mmoja nyuma ya mwingine, kama watoto wa shule wanaovuka barabara. Watu waliwacheka kwa hilo pia. Na ndani ya ekipe alikuwamo Romário, mfungaji mkubwa, lakini mgumu, mpenda starehe za usiku. Walimpa Dunga alale naye chumba kimoja. Tunawaza kwamba kazi ile ya chumbani haikuwa nyepesi kuliko ile ya uwanjani. Romário alifunga mabao matano katika mashindano yale.

Fainali ilikuwa tarehe 17 Julai 1994, Pasadena, juu ya Italia. Jua kali, dakika 120, hakuna bao. Penalti. Wamekwisha kupiga watatu watatu, mambo ni sawa, mbili kwa mbili. Mwitalia wa nne, Massaro, akapiga, kipa Taffarel akaokoa. Wa nne wa Brazil alikuwa nani? Yule ambaye nchi yake ilimbebesha aibu miaka minne. Dunga akaweka mpira chini, akapiga, ukaingia. Kisha Roberto Baggio akaupaisha wake juu ya lango, na Brazil wakapata kombe walilolingoja miaka 24. Dunga alipoliinua aliwatupia waandishi wa habari maneno makali ambayo hatuwezi kuyarudia mbele ya wachungaji. Tunamwelewa, ingawa hatumsifu kwa hilo.

Hakuna aliyesahau 1990. Wale waliomchagua walijua vizuri aliyoshutumiwa. Walimtazama jinsi anavyofanya kazi sasa, wakampa nafasi na mzigo pamoja. Kuna vijana hapa ambao tangu waliporudi kutoka msituni hakuna aliyewaita kwa jina walilopewa na mama zao. Wanaitwa kwa jina la kikundi walichotoka. Mtoto akiitwa hivyo kisimani, shuleni na kanisani, mwisho ataamini kwamba mahali pekee panapomtaka ni kule alikotoka, na wanaokuja usiku kuandikisha vijana wanalijua hilo kuliko sisi. Hatusemi kila aliyeshika silaha apewe ukapiteni. Aliyemtendea mtu ubaya, yale ni mambo ya haki, yana njia yake, na mpira haufuti damu ya mtu. Lakini mtoto aliyechukuliwa akiwa na miaka 13 akabeba masanduku ya risasi, akatoroka akarudi, aachwe acheze. Na akionyesha kwamba wenzake wanamsikiliza, tusimnyang'anye kitambaa kwa sababu ya jina.

Dunga alicheza tena kombe la dunia la 1998, kapiteni bado. Katika mchezo na Morocco alimgombeza mwenzake Bebeto mbele ya dunia nzima, paji la uso juu ya paji la uso, na hali walikuwa wanaongoza. Walifika fainali, Ufaransa ikawapiga 3-0. Katikati ya makombe hayo mawili alicheza Japani, kwa Júbilo Iwata, akapata ubingwa 1997 na kuchaguliwa mchezaji bora wa mwaka huo. Alimalizia pale alipoanzia, Internacional. Nchi yake aliichezea zaidi ya mara 90.

Halafu akawa kocha, na hapa habari inakuwa ngumu zaidi.

Julai 2006 shirika la mpira la Brazil lilimpa ekipe ya taifa. Alikuwa hajawahi kufundisha ekipe yoyote, hata ya watoto. Walimchukua kwa sababu ya nidhamu, maana ekipe ya kombe la dunia la 2006 ilikuwa na mastaa wengi na bidii kidogo. Na nidhamu aliileta. Mwaka 2007 alichukua kombe la Amerika ya Kusini kwa kuifunga Argentina 3-0. Mwaka 2009, Afrika Kusini, alichukua kombe la mabara: walikuwa nyuma 2-0 mbele ya Marekani mpaka mapumziko, wakashinda 3-2.

Mwaka uliofuata, akielekea kombe la dunia, alipita karibu na kwetu. Tarehe 7 Juni 2010 Brazil ilicheza Dar es Salaam, Uwanja wa Taifa. Kocha wa Tanzania naye alikuwa Mbrazil, Márcio Máximo, aliyeifundisha Taifa Stars tangu 2006. Brazil walishinda 5-1, Robinho mawili, Ramires mawili, Kaká moja. Lakini ulizeni Mtanzania yeyote aliyekuwapo, atakutajia kwanza bao la Jabir Aziz. Hiyo ndiyo raha ya mpira: mtu anafungwa matano anarudi nyumbani akiimba.

Huko Afrika Kusini Dunga alifunga milango. Mazoezi yalifanywa kwa siri. Waandishi hawakuruhusiwa kukaribia. Baada ya kuifunga Ivory Coast 3-1 alimtukana mwandishi mmoja wa televizyo katika kikao cha habari. Watu walimwomba awachukue vijana wapya, Neymar na Ganso, akakataa. Kila aliyeuliza swali alionekana adui. Kwa upande mmoja tunaona sababu: mtu aliyechomwa na magazeti 1990 hakusahau moto. Lakini kocha asiyetaka maulizo anabaki na watu wanaomwambia yale anayopenda tu.

Tarehe 2 Julai 2010, Port Elizabeth, walikutana na Uholanzi. Robinho alifunga mapema, dakika ya 10, na kipindi cha kwanza kilikuwa cha Brazil. Baada ya mapumziko mpira mmoja uliopigwa na Sneijder uliingia, Brazil wakashituka. Sneijder akafunga la pili kwa kichwa. Na kiungo wao Felipe Melo, ambaye Dunga alimtetea sana, akamkanyaga Robben aliyekuwa chini, akapewa kadi nyekundu. Ekipe ya nidhamu ilivunjika ndani ya dakika ishirini, na kwenye benchi hakukuwa na mtu wa kubadilisha mchezo, kwa kuwa wale ambao wangeweza walikuwa wameachwa Brazil. Siku mbili baadaye Dunga hakuwa kocha tena.

Desemba ya mwaka ule ule ilitupa sisi Wakongomani furaha yetu. Wenye umri wa kusikiliza redio wakati ule wanajua. Tarehe 14 Desemba 2010, Abu Dhabi, TP Mazembe ilikutana na Internacional ya Porto Alegre, ile ile iliyomlea Dunga, mabingwa wa Amerika ya Kusini. Kabangu akafunga, Kaluyituka akafunga, 2-0, na Kidiaba akaruka-ruka kwa makalio uwanja mzima. Ilikuwa mara ya kwanza ekipe ya Afrika kufika fainali ya kombe la dunia la vilabu. Kwenye fainali Inter ya Milano iliwashinda 3-0, lakini nani anaikumbuka hiyo?

Dunga aliifundisha Internacional 2013, akachukua kombe la jimbo, akafukuzwa mwaka huo huo. Mwaka 2014, Brazil ilipofungwa 7-1 na Ujerumani nyumbani kwake, walimwita tena. Mara hii haikuenda. Mwaka 2015 walitolewa na Paraguay kwa penalti, na Juni 2016 hawakupita hata kundi lao katika kombe la Amerika. Akaachishwa kazi.

Mtu yule yule, basi. Ukali ambao ulimfanya kapiteni mzuri ulimsumbua alipokuwa mkuu. Kapiteni anacheza pamoja na wengine, anachafuka nao, akimkemea mtu wanaona na yeye anakimbia. Kocha amesimama kando, na watu wanataka ajieleze. Viongozi wa kambi na wa vijiji, hapa tunasema na ninyi. Kiongozi akiandika orodha ya msaada usiku, peke yake, hata kama ameandika haki, asubuhi hakuna atakayeamini. Mjane akiuliza kwa nini jina lake halimo, hajakutukana. Afadhali swali la mchana kuliko maneno ya usiku.

Sasa uwanja wetu. Tulikaa na komite na vijana wa pande zote mbili, na haya ndiyo tunayoyaleta mbele yenu, muyakubali au muyakatae. Ekipe zisiundwe kwa kambi na kijiji. Vijana wote waandikwe pamoja, majina yakunjwe kwenye kofia, mtoto mdogo ayachomoe mbele ya watu, na ekipe nne zitoke humo. Ekipe ziitwe kwa majina ya milima au ya ng'ombe, kama mnapenda. Jina la kabila au la kikundi cha silaha lisisikike. Kapiteni wachaguliwe na wachezaji wenyewe baada ya wiki tatu za mazoezi, maana siku ya kwanza watachagua kwa sura. Mwamuzi atoke mahali pengine. Mchezo usiwe siku ya soko, wala usipite saa kumi alasiri, ili kila mtu afike kwake kabla ya giza. Uwanja una mteremko, kila mtu anaona. Wenye majembe watuambie lini salongo inaweza kufanywa. Mipira tutaleta miwili. Mingine watoto wanajua kuitengeneza kwa mifuko na kamba.

Wasichana nao wameomba uwanja. Hatukuona sababu ya kuwakatalia, ila mama waseme saa gani haitagongana na maji na kuni.

Bado kuna jambo ambalo hatukulimaliza na komite: mzazi anayetukana kabila la mtu kando ya uwanja afanyiwe nini? Vijana walisema mchezo usimame, wote waketi chini mpaka yule mtu aondoke. Baadhi ya wazee walisema hiyo ni kumwaibisha mtu mzima mbele ya watoto. Jambo hili linawahusu ninyi, sisi hatutalikata. Maulizo mengine pia yaje. Tuanze na mama walio upande huu wa kushoto, kisha wazee, kisha vijana wa nyuma.